Alama ya kidole ni yake. Halafu?

Swali: Shikamoo wakili. Mdogo wangu ni fundi aluminiamu hapa Tanga. Mwezi wa sita duka moja la vifaa vya umeme lilivunjwa usiku, wezi wakapitia dirisha la nyuma. Hakuna aliyewaona, wala hakuna mali iliyokutwa kwake. Polisi waliwakusanya watu waliowahi kufanya kazi pale, wakawachukua alama za vidole, na baada ya wiki tatu wakasema alama iliyokutwa kwenye fremu ya dirisha ni yake kwa asilimia mia moja. Dirisha hilo alilipachika yeye mwenyewe mwezi wa tatu, lakini tukisema hivyo watu wanatuangalia tu. Sasa yuko mahabusu kwa kukosa wadhamini. Mjomba anashauri akiri ili apate adhabu nafuu, maana sayansi haidanganyi. Naomba kujua: alama za vidole zinaweza kukosea? Na DNA je?

Jibu: Marahaba, dada, na pole kwa mahangaiko. Nianze na mjomba, kwa heshima zote: kijana asikiri chochote kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeisoma. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo, zinaweza kukosea, na zimewahi kukosea vibaya. Ila usiende mahakamani na jibu hilo peke yake. Katika kesi hii huenda mtaalamu yuko sahihi kabisa, alama ni ya mdogo wako kweli, na bado akawa hakuiba. Hayo ni mambo mawili na yana utetezi tofauti. Wengi wanaofungwa kwa ushahidi wa aina hii wanafungwa kwa sababu walipigania la kwanza wakasahau la pili.

Tuanze na kinachofanyika hasa. Mtu akishika fremu ya aluminiamu, jasho na mafuta ya ngozi vinaacha mchoro ambao macho hayauoni. Mchunguzi anapitisha brashi yenye poda, mchoro unajitokeza, anaupiga picha, kisha anaubandika utepe wa gundi na kuuhamishia kwenye kadi. Kinachokaa kwenye kadi mara nyingi si kidole kizima. Ni ubavu mmoja, umeburutwa kidogo, huku poda imejaa na kule imekosa. Kadi hiyo inawekwa kando ya alama safi zilizochukuliwa kituoni, kidole kimoja kimoja kikiviringishwa toka upande huu wa ukucha hadi ule. Mtaalamu anatafuta mahali mistari inapokatika na inapogawanyika. Akiona sehemu za namna hiyo za kutosha zinazokaa mahali pamoja kwenye alama zote mbili, anaandika kwamba ni za mtu mmoja.

Za kutosha ni ngapi? Wataalamu wenyewe hawana jibu moja. Uingereza walidai pointi 16 kwa miaka mingi, mwaka 2001 wakaiacha idadi hiyo na kumwachia mtaalamu aamue. Marekani nako hakuna kiwango cha chini. Kwa hiyo ile "asilimia mia moja" mliyoambiwa haikutoka kwenye mashine wala kwenye hesabu. Ni namna ya mtaalamu kusema ana uhakika. Anaweza kuwa na uhakika wa haki, lakini uhakika wake ni maoni, na sheria zetu zinauita hivyohivyo: maoni ya mtaalamu. Hakimu anayapima kama ushahidi mwingine, na akiwa na sababu anaweza kuyakataa.

Utasikia watu wakisema hakuna watu wawili wenye alama sawa, hata mapacha wa kufanana. Ni kweli kwamba mapacha hutofautiana. Lakini mahakama haiulizi kama vidole vya watu vinafanana. Inauliza kama kipande kile kilichoburutwa kinatosha kwa jicho la mtu kumtaja mtu mmoja kati ya wote.

Kesi ambayo kila wakili wa jinai anapaswa kuijua ni ya Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, Marekani. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za abiria mjini Madrid na kuua zaidi ya watu 190. Polisi wa Hispania walikuta mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu, na kwenye mfuko kulikuwa na alama ya kidole. Picha yake ikatumwa kwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Kompyuta ikatoa majina 20 ya watu ambao alama zao zinakaribiana na ile. Mayfield alikuwamo, kwani aliwahi kuwa mwanajeshi na alama zake zilihifadhiwa. Mtaalamu wa kwanza akasema ni yeye, wa pili akakubali, wa tatu naye akakubali. Kwenye kiapo kilichopelekwa kwa jaji iliandikwa kwamba alama ni yake kwa asilimia mia moja. Maneno yaleyale mliyoambiwa Tanga.

Polisi wa Hispania walikuwa wameshaandika katikati ya Aprili kwamba wao hawaoni mlingano. FBI hawakurudi nyuma, walimtuma mtu wao Madrid kwenda kuwaeleza. Mayfield akakamatwa tarehe 6 Mei. Alikuwa hajatoka nje ya Marekani kwa miaka mingi. Alikuwa amesilimu, ameoa mwanamke wa Kimisri, na aliwahi kumwakilisha katika kesi ya malezi ya mtoto mtu aliyehukumiwa baadaye kwa makosa ya ugaidi. Mahakama ikateua mtaalamu wa kujitegemea upande wa utetezi. Tarehe 19 Mei naye akasema alama ni ya Mayfield. Siku hiyohiyo Hispania ikatangaza kwamba imempata mwenye kidole, raia wa Algeria. Kesho yake Mayfield akatoka mahabusu, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamwomba radhi na kumlipa dola milioni 2.

Hebu fikiri, wataalamu wanne wazoefu, si wala rushwa, si wavivu, wote wamekosea kwenye alama moja. Ukaguzi wa wizara ya sheria ya Marekani uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha jinsi ilivyokuwa. Alama mbili zile zilifanana kupita kawaida, na hilo lenyewe lilitokana na kompyuta kupekua mamilioni ya watu kutafuta wanaofanana zaidi. Kisha, baada ya kuona alama safi ya Mayfield, wataalamu walianza kuona kwenye ile hafifu vitu ambavyo mwanzoni hawakuviona. Waliazima kutoka kwenye ile safi. Sehemu ya juu kushoto haikulingana, wakaieleza kuwa pengine ni mguso mwingine. Na waliofuata walijua kabisa kwamba aliyewatangulia ameshasema ndiyo.

Hapo ndipo pa kutia mkazo kwa mdogo wako. Aliyelinganisha alama ya dirishani aliambiwa nini kabla ya kuanza? Alipewa kadi za mafundi wote bila majina, au alipewa ya kijana mmoja na kuambiwa huyu ndiye tunayemshuku? Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Southampton, walichapisha jaribio dogo. Wataalamu watano wa alama za vidole walipewa jozi za alama ambazo wao wenyewe, miaka iliyopita, walishasema zinalingana. Hawakuambiwa hivyo. Waliambiwa kwamba hizo ndizo zile FBI walizokosea. Watatu wakasema hazilingani, mmoja akasema haziamuliki, mmoja tu akabaki na jibu lake la zamani. Ni watu watano tu na mimi siwezi kujenga jumba juu yake, lakini inatosha kumwuliza shahidi swali mahakamani.

Jaribio kubwa zaidi lilichapishwa mwaka 2011, likifanywa na FBI pamoja na watafiti wa nje. Wataalamu 169 walipewa jozi za alama ambazo majibu yake yanajulikana. Kati ya jozi zisizolingana, walizodai zinalingana zilikuwa kama 1 kati ya 1,000. Kwa upande wa pili, katika alama zilizokuwa za mtu mmoja, walikana asilimia 7.5. Mwaka 2016 jopo la washauri wa sayansi wa rais wa Marekani lilipitia takwimu hizo na kusema kwamba, ukihesabu kwa tahadhari, makosa ya kumtaja asiye mwenyewe yanaweza kufika 1 kati ya 306, na katika maabara nyingine iliyopimwa, 1 kati ya 18. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ushahidi wa alama za vidole ni mzuri. Ni mzuri kuliko shahidi aliyemwona mtu gizani kwa sekunde mbili. Kisichokuwepo ni hiyo asilimia mia.

Jambo la kushangaza ni kwamba majaribio hayo yamekuja zaidi ya miaka 100 baada ya watu kuanza kufungwa kwa alama hizo. Mfumo wa kuzipanga ulitengenezwa Bengal, India, enzi za Mwingereza, na ofisi ya kwanza ikafunguliwa Calcutta mwaka 1897. Huku kwetu, majirani zetu wa Kenya walizijua kwa njia ya kipande, ile karatasi yenye alama za vidole ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati kuanzia takriban mwaka 1920, ili mwajiri asikimbiwe. Imani tuliyo nayo ililetwa na serikali kabla wanasayansi hawajaipima.

Sasa DNA, yaani vinasaba. Hii ina msingi imara zaidi, kwa sababu ilitoka maabara za watafiti ikiwa tayari na hesabu zake. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ya mwaka 2009 ilisema waziwazi kwamba, ukiacha DNA, hakuna njia nyingine ya sayansi jinai iliyothibitishwa kwa ukali kwamba inaweza kuunganisha kielelezo na mtu mmoja kwa uhakika mkubwa na bila kuyumba. Na mwambie mjomba hili: kesi ya kwanza ya mauaji iliyotatuliwa kwa DNA, huko Leicestershire, Uingereza, ilianza kwa kumwokoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa ameshakiri moja ya mauaji mawili. Vinasaba vikaonyesha hakuwa yeye. Mhusika wa kweli, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988. Huyo kijana angefungwa kwa maneno ya mdomo wake mwenyewe.

Lakini DNA nayo ina mitego yake, na mkubwa ni kwamba inasafiri. Ujerumani, mwaka 2007, askari polisi wa kike aliuawa kwa risasi mjini Heilbronn. Vinasaba vilivyokutwa vilikuwa vya mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana pia kwenye matukio mengine, jumla kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa. Wizi mdogo, mauaji, kila kitu. Aliwekewa dau la euro 300,000. Mwaka 2009 ikajulikana kwamba mwanamke huyo hakuwepo: vinasaba vilitoka kiwandani, kwenye vijiti vya pamba ambavyo polisi walitumia kuchukulia sampuli. Vilikuwa vimesafishwa viini vya magonjwa, na watu wakadhani hiyo ni sawa na kuwa havina vinasaba. Na huko California, mwaka 2012, mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Usiku huo alikuwa amelazwa hospitali, hajitambui kwa ulevi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomhudumia yeye ndio walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu. Alikaa mahabusu zaidi ya miezi mitano. Maabara haikukosea hata herufi. Vilikuwa vyake kweli.

Nyingine nazipita haraka kwa sababu hazikuhusu. Ulinganishaji wa nywele kwa hadubini: mwaka 2015 FBI ilikiri kwamba katika kesi 268 zilizopitiwa, ambazo nywele zilitumika dhidi ya mshtakiwa, ushahidi wa wataalamu wake ulikuwa na kasoro katika asilimia zaidi ya 95. Alama za meno kwenye ngozi: binafsi nisingemfunga hata kuku kwa ushahidi huo. Uchunguzi wa moto ulimpeleka Cameron Todd Willingham kuuawa kwa sindano ya sumu Texas mwezi Februari 2004, na wataalamu waliopitia ushahidi wake baadaye wakasema dalili zilizoitwa za uchomaji wa makusudi hazikuwa na msingi wa kisayansi.

Turudi Tanga. Tuseme alama ni ya mdogo wako. Inathibitisha nini? Kwamba siku moja kidole chake kiligusa fremu ile. Basi. Hakuna kipimo cha kuaminika kinachosema kiligusa lini, mwezi wa tatu au wa sita. Mahali pasipopigwa jua na mvua, kwenye chuma laini, alama inaweza kukaa miezi na zaidi. Kwa hiyo swali la kesi hii ni ilikutwa sehemu gani ya fremu. Hapa nitakuwa mkweli kwako hata kama hutapenda. Kama ilikuwa upande wa ndani, au kwenye ubavu wa fremu unaoelekea ukutani ambao fundi pekee huushika anapopachika, hiyo ni alama ya kazi. Kama ilikuwa upande wa nje unaopigwa na mvua za masika, vidole vimeelekea ndani kama vya mtu anayejivuta apande, mwenye mashtaka atakuwa na la kusema, na mnapaswa kulijua mapema. Ombeni picha. Mchunguzi makini hupiga picha ya alama ikiwa bado iko kwenye fremu, kutoka mbali na kutoka karibu, kabla ya kuinyanyua kwa utepe. Kama ipo kadi tu na hakuna picha, hakuna anayeweza kusema ilitoka upande gani ila kwa kumwamini aliyeandika.

Kadi nayo ina safari yake. Nani aliinyanyua, alimkabidhi nani, ilikaa wapi, iliwekwa namba gani, ilifikaje kwa mlinganishaji. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake iliyoamuliwa mwaka 2009, ilieleza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana tangu kielelezo kinakamatwa, kinapohifadhiwa, kinapohamishwa na kuchunguzwa, hadi kinapofika mahakamani. Maamuzi ya baadaye yamelegeza kidogo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa, ila kadi ndogo ya poda ni kitu rahisi sana kuchanganya na nyingine. Hapo wakili wenu asilegee.

Kuna hatua moja ambayo familia nyingi huipita bila kujua, nayo ni usikilizwaji wa awali. Baada ya kukana shitaka, mshtakiwa husomewa maelezo ya kesi na kuulizwa yapi anakubali. Anachokubali pale hakihitaji tena kuthibitishwa na shahidi. Nimeona washtakiwa wakiitikia kwa kichwa kila sentensi ili waonekane watiifu. Mdogo wako akubali jina lake, na kwamba ni fundi, na kwamba alifunga dirisha lile mwezi wa tatu. Taarifa ya alama za vidole asiikubali, ili aliyeiandika aje kizimbani aulizwe maswali ya dodoso.

Akija, aulizwe. Alama ngapi ziliinuliwa dirishani kwa jumla, na ngapi hazikuwa za mshtakiwa? Za mwenye duka na wafanyakazi wake zilichukuliwa ili kuziondoa? Nani mwingine alilinganisha, na je, alijua jibu la wa kwanza? Kisha swali lile kubwa: unaweza kuiambia mahakama alama hii iliwekwa tarehe ngapi? Shahidi mwaminifu atasema hawezi. Na ombeni taarifa hiyo, ikipokelewa kuwa kielelezo, isomwe kwa sauti mahakamani. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani imekuwa ikiiondoa kwenye kumbukumbu.

Mwenye duka naye ni shahidi wenu, hata kama ameletwa na upande wa mashtaka. Aulizwe pale pale nani alimfungia dirisha la nyuma. Msiache swali hili kwa matumaini kwamba mdogo wako ataeleza atakapojitetea. Katika mahakama zetu, usipomhoji shahidi juu ya jambo la msingi unahesabiwa umelikubali, na utetezi unaozuka mwishoni huitwa mawazo ya baadaye. Baada ya hapo kesi yote inabaki kuwa ushahidi wa mazingira, na kanuni yake inajulikana: lazima uelekee kwa mshtakiwa tu na usiache maelezo mengine yanayoingia akilini. Fundi aliyeshika dirisha alilolifunga ni maelezo yanayoingia akilini.

Kama hamna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Ulizieni kwenye halmashauri yenu wawaelekeze kwa watoa huduma walioandikishwa. Na wakati mnasubiri, kuna kazi unayoweza kuianza leo jioni. Mdogo wako alilipwa kwa ajili ya dirisha lile. Kama alilipwa kwa simu, nendeni na kitambulisho chake kwa kampuni ya simu mkaulize utaratibu wa kupata taarifa ya miamala ya mwezi wa tatu kwa mtu aliye mahabusu. Tafuteni risiti ya duka alikonunua aluminiamu na vioo, picha alizopiga za kazi kama mafundi wanavyopenda kuwaonyesha wateja, ujumbe wa mwenye duka akimuuliza utamaliza lini. Muulizeni pia kijana aliyekuwa akimsaidia kazi siku ile kama yuko tayari kuja mahakamani. Na simu yenyewe, kama iko kituoni na imeandikwa kwenye hati ya ukamataji mali, mwambieni wakili aiombe kwa maandishi kabla tarehe ya kesi haijafika.